William Cowper na Sungura Wake Watatu



Muhula uliopita mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alirudi kutoka likizo akiwa na sungura mchanga ndani ya kikapu. Alikuwa sungura wake wa kwanza. Kwa idhini ya mwalimu wa bweni alimweka katika chumba kidogo cha kuwekea majembe na ndoo, ndani ya sanduku la mbao, na kwa muda wa majuma matatu mnyama yule alinawiri. Kisha mimi, niliye kiranja wa bweni, nikasikia harufu, nikaamuru sanduku lioshwe siku ile ile. Mtoto alitii. Alilisugua kwa maji na sabuni, akalipangusa, na kengele ya kulala ilipolia akamrudisha sungura humo, mbao zikiwa bado zina maji. Usiku ule ulikuwa na baridi. Siku ya tatu asubuhi tulimkuta amekufa. Mtoto hakunilaumu, lakini nilijua kwamba amri ilikuwa yangu.

Mwalimu wetu mmoja alipopata habari hiyo alinipa kitabu cha maisha ya William Cowper, mshairi wa Kiingereza, akaniambia nianze pale panaposimuliwa sungura wake. Nilianza hapo, kisha nikakisoma chote. Nimeona yafaa niwasimulieni wenzangu, na ninyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu, kwa kuwa wengi wetu tumeimba maneno ya mtu huyu kanisani bila kujua kwamba ni yake.

Jina lake huandikwa Cowper, lakini yeye na jamaa zake walilitamka kama Kupa. Alizaliwa mwezi wa Novemba, mwaka 1731, katika mji wa Berkhamsted, usio mbali sana na London. Baba yake alikuwa kasisi. Mama yake alifariki mwaka 1737, William akiwa na umri wa miaka sita hivi, na msiba huo hakuusahau maisha yake yote. Muda si mrefu alipelekwa shule ya bweni, akiwa bado mdogo sana.

Huko alimkuta mvulana mmoja wa miaka kumi na mitano aliyemchagua yeye kuwa wa kuonewa. Cowper alimwogopa kiasi kwamba hakuthubutu kuinua macho yake juu ya magoti ya mvulana yule, hata akawa anamtambua kwa vifungo vya viatu vyake kuliko kwa uso wake. Mwishowe mambo yaligunduliwa na yule mwonevu akafukuzwa shule. Lakini hofu iliyokwisha kuingia moyoni mwa mtoto haifukuzwi kwa urahisi hivyo. Sisi tunaoishi mabwenini na tutafakari jambo hili kabla ya kusema kwamba ni mchezo tu.

Baadaye alisoma katika shule mashuhuri ya Westminster, kisha akajifunza sheria. Mwaka 1754 alikubaliwa kuwa wakili, ingawa kazi yenyewe hakuipenda. Alimpenda binti wa baba yake mdogo, jina lake Theadora, lakini baba wa binti alikataa wasioane. Hakuna hata mmoja wao aliyeoa au kuolewa baadaye.

Mwaka 1763 jamaa yake mmoja alimpatia nafasi ya ukarani katika Bunge la Malodi. Ikatakiwa kwanza asimame mbele ya wakubwa wale aulizwe maswali ili ijulikane kama anaifaa kazi. Kwa mwingine hilo lingekuwa jambo la asubuhi moja. Kwa Cowper ikawa miezi ya hofu, mpaka akili yake ikavurugika, na siku ya mtihani ilipokaribia alijaribu kujiondolea uhai. Kwa rehema ya Mungu hakufanikiwa. Alipelekwa St Albans katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya daktari Nathaniel Cotton, mtu mpole aliyekuwa naye ni mshairi. Zama zile wagonjwa wa namna hiyo walifungwa minyororo mahali pengi. Cotton alimtibu Cowper kwa upole na subira, na polepole akapata nafuu.

Alipotoka huko mwaka 1765 alikwenda kukaa mji wa Huntingdon, akapokewa nyumbani kwa kasisi mmoja aitwaye Unwin. Mwaka 1767 Bwana Unwin alianguka kutoka juu ya farasi akafa. Cowper na mjane, Mary Unwin, wakahamia mji mdogo wa Olney, wapate kuwa karibu na kasisi John Newton. Newton huyu alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa katika ujana wake, akatubu. Wawili hao walitunga tenzi za kanisa pamoja, zikapigwa chapa mwaka 1779. Zaidi ya 60 kati ya hizo ni za Cowper, na baadhi yake zimetafsiriwa kwa Kiswahili, zaimbwa mpaka leo.

Lakini kabla kitabu hicho hakijatoka, mwaka 1773, ugonjwa ulimrudia kwa nguvu. Safari hii aliamini kwamba Mungu amemtupa yeye peke yake kati ya wanadamu wote. Aliyewatungia wengine tenzi za matumaini hakushiriki tena ibada kanisani. Hakuweza kusoma kitabu, wala kukaa na watu wakazungumza. Mary Unwin alimuuguza usiku na mchana.

Hapo ndipo sungura walipoingia katika habari hii.

Yafaa kwanza nieleze jambo moja. Sisi twasema sungura tu, lakini Waingereza wana majina mawili. Kuna yule afugwaye, ambaye wazee wake wa porini huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba. Kuna na yule wa mbugani, mwenye masikio na miguu mirefu, ambaye hulala juu ya nchi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa pili ndiye ndugu wa Sungura wa hadithi zetu, na ndiye aliyefugwa na Cowper. Kumfuga ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa ni mnyama wa mwitu, naye ni mwoga kuliko wengi.

Mwaka 1774 watoto wa jirani yake walikuwa wamepewa sungura wa miezi mitatu wamchezee. Walijua kumsumbua kuliko kumlisha, na mnyama akaanza kukonda. Baba yao akaona heri ampe Cowper. Cowper alikuwa na umri wa miaka 42, na alihitaji kazi ya kumshughulisha mawazo bila kuyachosha, basi akampokea kwa furaha. Habari zikaenea mjini kwamba bwana yule apenda sungura, na watu wakamletea wengi, hata angeweza kujaza kiwanja. Alichukua watatu tu. Akawaita Puss, Tiney na Bess. Majina hayo ni kama ya kike, lakini wote watatu walikuwa madume.

Cowper, wakili aliyeshindwa kusimama mbele ya Malodi, alishika msumeno na nyundo akawajengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na chumba chake cha kulala. Sakafu aliitengeneza ili uchafu upite chini, na chini yake akaweka chombo cha udongo cha kuupokea. Chombo hicho kilimwagwa na kuoshwa kila mara, na nyumba haikuwa na harufu. Mchana sungura walikuwa huru kutembea ukumbini, na usiku kila mmoja alikwenda kulala mahali pake, wala hakuingia kwa mwenzake.

Chakula nacho alikichunguza. Aliona kwamba wapenda sana majani ya jamii ya mchunga, na saladi, na ngano mbichi. Aliwapa majani makavu ya nafaka siku zote, hasa usiku, yakawa chakula na kitanda pia, naye aliyakung'uta kila siku yasishike unyevu. Wakati wa baridi, majani mabichi yalipokosekana, aliwapa mkate pamoja na vipande vyembamba vya karoti na maganda ya tofaa. Siku moja tundu la ndege lilisafishwa kwa mchanga mweupe, nao sungura wakaukimbilia wakaula kwa uroho. Tangu siku ile Cowper akahakikisha mchanga haukosekani.

Wasomaji, akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Cowper aligundua kwamba hata sungura ni hivyo. Alisema kwamba hakuna wawili wanaofanana, wala kwa uso wala kwa tabia.

Puss alizoea upesi. Alirukia mapajani mwa bwana wake, akasimama kwa miguu ya nyuma na kumtafuna nywele za kipajini, na mara nyingine akalala usingizi juu ya magoti yake. Wakati mmoja aliugua siku tatu. Cowper akamtenga na wenzake, kwa kuwa sungura humwonea mwenzao akiwa mgonjwa, akamlisha majani ya namna nyingi, akamuuguza mpaka akapona. Alipopona alimlamba mkono: kwanza mgongo wa mkono, kisha kiganja, kisha kila kidole peke yake, kisha katikati ya vidole, kana kwamba hataki kuacha mahali pasipopata shukrani. Tangu hapo Puss alichukuliwa bustanini kila asubuhi, akajificha chini ya majani ya matango mpaka jioni. Alipotaka kwenda, alimpigia bwana wake ngoma gotini kwa miguu ya mbele, na asiposikilizwa, alimvuta pindo la koti kwa meno.

Tiney hakuzoea kamwe. Yeye naye aliugua, akauguzwa vile vile, lakini alipopona na kuguswa alinguruma, akapiga kwa miguu ya mbele, akaruka na kuuma. Wengi wetu tungemtoa nje, au tungempeleka jikoni. Cowper alimpenda na ukali wake, akamcheka, akamtunza miaka yote mpaka kifo chake, kisha akamtungia shairi la kumbukumbu. Mimi naona hapo ndipo ukarimu wa mtu unapopimwa, kwa mnyama asiye na shukrani.

Bess alikuwa shujaa, na hakuogopa kitu tangu mwanzo. Jioni, baada ya chakula, sungura waliruhusiwa kuingia sebuleni, wakacheza juu ya zulia ambalo miguu yao haikuteleza. Usiku mmoja paka alithubutu kumpiga Bess kofi shavuni. Bess akamrukia akampiga ngoma mgongoni kwa nguvu, hata paka akaponea kwa kukimbia. Lakini Bess hakuishi sana. Alikuwa ndiyo kwanza amekua, sanduku lake likaoshwa, naye akarudishwa humo kabla halijakauka. Akafa kwa sababu hiyo.

Niliposoma maneno hayo nilikifunga kitabu kwa muda. Miaka zaidi ya 200 kabla yangu, mtu aliyekuwa mwangalifu kuliko mimi alitenda kosa lile lile, naye hakulificha. Aliliandika ili wengine wasilirudie.

Si siku zote zilikuwa tulivu. Jioni moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1780, watu wa nyumbani walipokuwa wanakula, Puss alitafuna nyuzi za wavu wa dirisha akaruka nje. Alikimbia katikati ya mji, nyuma yake wanaume, wanawake, watoto na mbwa. Mwisho akaingia katika kiwanja cha kutengenezea ngozi, akatumbukia katika shimo la maji, akatoka hilo akaangukia jingine, karibu azame. Mfanyakazi mmoja akamtoa kwa kumshika masikio. Wakamwosha ndani ya ndoo kumwondoa chokaa, wakamrudisha nyumbani ndani ya gunia saa nne ya usiku. Mchezo huo ulimgharimu Cowper shilingi nne, naye hakuona kwamba ni nyingi.

Je, sungura walimponya? La, nisiwadanganye. Hofu ile kwamba Mungu amemtupa ilimrudia mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini kila asubuhi palikuwa na watatu waliomngoja awape majani, na mtu anayengojwa huinuka kitandani. Kutoka kwa sungura alikwenda kwenye bustani, na kutoka bustanini akarudi kwenye kalamu. Mwaka 1782, akiwa na miaka 50, alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Mwaka 1784 alipeleka habari za sungura wake katika gazeti moja mashuhuri la London. Mwaka 1785 kikatoka kitabu chake kikubwa, The Task, kilichomfanya ajulikane Uingereza nzima.

Katika kitabu hicho aliwalaumu wanaowinda wanyama kwa mchezo tu, na tena aliwalaumu wanaomiliki wanadamu wenzao. Mwaka 1788 alitunga nyimbo za kuipinga biashara ya watumwa, na moja katika hizo humtia Mwafrika mwenyewe maneno kinywani, awaulize Waingereza kwa haki gani wamemtoa kwao. Nyimbo hizo zilichapwa na kuenezwa mahali pengi, zikawaamsha watu wengi. Cowper hakuuona mwisho wa jambo hilo. Uingereza ilikataza biashara hiyo mwaka 1807, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Nafikiri aliyewahi kuwa mtoto mdogo asiyethubutu kuinua macho alijua vema hali ya wote wanaoonewa, wawe na miguu minne au miwili.

Puss aliishi kuliko wenzake. Alikufa tarehe 9 Machi, mwaka 1786, mwenye umri wa miaka 11 na miezi 11, kwa uzee tu, bila maumivu ya kuonekana. Cowper aliandika habari hiyo katika kikaratasi akakihifadhi. Mwishoni mwa mwaka ule yeye na Mary Unwin walihamia kijiji cha Weston Underwood. Mary alipopooza, mwuguzwa akawa mwuguzi, naye alimtunza mpaka alipofariki mwaka 1796. Cowper mwenyewe alifariki East Dereham tarehe 25 Aprili, mwaka 1800, akazikwa huko. Nyumba yake ya Olney ni makumbusho tangu mwaka 1900.

Sasa, kwa mwenzangu yeyote anayetaka kufuga sungura wake wa kwanza ndani ya nyumba, haya ndiyo niliyojifunza kwa Cowper, pamoja na yale wanayotufundisha waganga wa wanyama siku hizi. Usimkamate mtoto wa sungura wa porini; tafuta wa kufugwa. Majani mabichi na makavu yawe chakula chake kikubwa, kwa kuwa meno yake hayaachi kukua, nayo husagwa kwa kutafuna majani. Karoti na matunda yawe kidogo tu. Maji safi yasikosekane. Mpe nafasi ya kukimbia kila siku, juu ya mkeka au zulia asiteleze, wala usimfungie sandukuni mchana kutwa. Usimwinue kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili chini ya miguu ya nyuma. Akikataa kula siku moja tu, mtafutie msaada, usingoje ya pili. Akikataa kuguswa, mwache, wala usipunguze chakula chake kwa hilo. Na kitanda chake kiwe kikavu.

Mwanzo wa muhula huu nilimwomba radhi yule mtoto wa kidato cha kwanza, nikamsomea habari za Bess. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama Bwana Cowper alifuga tena baada ya hapo. Nikamwambia kwamba wawili waliobaki aliwatunza mpaka wakafa, mmoja wao kwa uzee. Majuma mawili baadaye jamaa zake walimletea sungura mwingine, wa kijivu. Tumempigia masanduku mawili, mimi nikishika msumeno na yeye nyundo. Moja linapooshwa na kuanikwa juani, sungura hulala katika la pili, na kila jioni, kabla ya kengele, sisi wawili tunatia mikono ndani tupapase mbao kama zimekauka.